Mwanachuoni wa Nabha: Maisha na Kazi za Bhai Kahn Singh



Mwezi wa Aprili 1930, katika mji wa Amritsar, jimbo la Punjab, kiwanda cha chapa cha Sudarshan kilimaliza kazi kiliyoianza Oktoba 1927. Kazi yenyewe ilikuwa kitabu kimoja cha juzuu nne, chenye kurasa zaidi ya 3,000 na vidahizo 64,263, vyote vimepangwa kwa mfuatano wa herufi za Gurmukhi. Jina lake kamili ni Gurshabad Ratnakar Mahan Kosh, ila wasomaji walilikata mapema wakabaki na Mahan Kosh, yaani Kamusi Kuu. Aliyeitunga alikuwa mzee wa miaka 68, aliyepata kuwa mtumishi wa kasri katika dola ndogo ya Nabha, na ambaye hakusoma shule wala chuo kikuu. Jina lake Kahn Singh. Watu walimwita Bhai, ndugu, heshima ambayo Masingasinga humpa mtu aliyebobea katika elimu ya dini yao.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, Singasinga, au Kalasinga kama wengi wanavyomwita, si mgeni. Mafundi na vibarua wa Punjab walikuwa miongoni mwa maelfu ya Wahindi walioletwa kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Baadhi yao walibaki, na ndugu zao wakawafuata, wakawa maseremala, wahunzi, makontrakta na mafundi wa magari. Anayesafiri kati ya Mombasa na Nairobi anaijua gurdwara, yaani hekalu la Masingasinga, ya Makindu, iliyojengwa 1926, ambako msafiri wa dini yoyote huketi akapewa chakula bila malipo. Wapenzi wa mbio za magari hawajamsahau Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Wanahistoria wa vyama vya wafanyakazi wanamkumbuka Makhan Singh, aliyedai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani mwaka 1950, Waingereza wakamweka kizuizini hadi 1961. Masingasinga hawa tunawajua kwa kazi ya mikono, kwa usukani na kwa siasa. Wanachuoni wao hatuwajui, na hilo ni pengo kubwa, kwa sababu ni dini chache duniani zilizokiweka kitabu mahali pa juu kama walivyokiweka wao.

Guru Nanak, mwanzilishi, alizaliwa 1469. Baada yake walifuata magwiji tisa wa dini, kila mmoja akiitwa Guru. Wa kumi, Gobind Singh, ndiye aliyeunda jumuiya ya Khalsa mwaka 1699, na kabla ya kufariki 1708 alitangaza kuwa hakutakuwa na Guru mwingine wa nyama na damu. Kuanzia hapo Guru ni kitabu, Guru Granth Sahib. Humo gurdwarani kitabu hukaa juu ya kiti cha enzi chini ya chandarua, hupungwa kwa usinga, na usiku hulazwa katika chumba chake. Waumini huvua viatu, hufunika vichwa na kusujudu mbele yake.

Kitabu hiki cha kurasa 1,430 si rahisi kukisoma. Kimekusanya mashairi ya Maguru, na pamoja nao mashairi ya watu wa mbali na wa dini nyingine: Sheikh Farid, sufii Mwislamu wa Punjab, Kabir, mfumaji wa Banaras, Namdev wa nchi ya Wamaratha, Ravidas, aliyefanya kazi ya ngozi na kuhesabiwa katika tabaka la chini kabisa. Lugha zao zimechanganyikana humo. Kipunjabi cha kale kimekaa na Kibraj, maneno ya Kiajemi na Kiarabu yamekaa na ya Kisanskriti, na katika nakala za zamani herufi za mstari mzima ziliandikwa bila nafasi kati ya neno na neno. Mashairi hayo yamepangwa kwa raga, yaani mahadhi ya muziki wa Kihindi, na raga hizo ni 31. Anayetaka kujua neno moja lina maana gani anahitaji sarufi ya lugha kadhaa, historia, muziki na mila za nchi nzima. Na kwa kuwa kitabu ndicho Guru, maana ya neno moja inaweza kuwa hukumu ya dini.

Katika mazingira hayo ndipo alipozaliwa Kahn Singh, tarehe 30 Agosti 1861, katika kijiji cha Sabaz Banera, dola ya Patiala. Baba yake, Narain Singh, alikuwa msimamizi wa gurdwara ya Baba Ajapal Singh mjini Nabha, naye alisifika kwa kuhifadhi Granth yote moyoni. Mtoto alilelewa ndani ya sauti hiyo. Inasimuliwa kuwa alipofika umri wa miaka kumi alikuwa akisoma maandiko matakatifu ya dini yake bila kukwama. Kisha akafundishwa Kisanskriti na wasomi wa Kihindu wa Nabha, akafundishwa muziki na Mahant Gajja Singh, mmoja wa wapiga ala mashuhuri wa zama zile, na mwaka 1883 akaenda Lahore kusoma Kiajemi. Msomaji wa Lamu au Unguja ataitambua njia hii bila kuelezwa: mtoto huanza kwa kuhifadhi, kisha elimu za lugha, kisha hutoka kwa mwalimu mmoja kwenda kwa mwingine, kila mmoja na fani yake. Ndivyo vyuo vyetu vya Qurani vilivyowalea wanachuoni wa pwani.

Inafaa kukumbuka walimu wake walikuwa nani. Mtu ambaye baadaye aliandika kitabu cha kukana kuwa Singasinga ni Mhindu alikuwa amekaa miguuni pa wasomi wa Kihindu akapokea kwao ufunguo wa nusu ya kamusi yake.

Lahore ya miaka ya 1880 ilikuwa mji wenye moto. Waingereza walikuwa wameitwaa Punjab mwaka 1849. Pamoja nao walikuja wamisionari, shule, mitambo ya chapa na sensa, na sensa ilimtaka kila mtu aseme dini yake ni ipi, swali ambalo mkulima wa kijijini hakuwa amezoea kulijibu kwa neno moja. Mwaka 1873 Masingasinga wa Amritsar waliunda Singh Sabha, chama cha kuhuisha dini na elimu yao. Cha Lahore kikafuata 1879. Vuguvugu la Kihindu la Arya Samaj lilianzisha tawi lake Lahore mwaka 1877, na baadhi ya wahubiri wake wakawa wanadai kuwa dini ya Nanak ni tawi tu la Uhindu, tena tawi la watu wasiosoma Veda, maandiko ya kale ya Wahindu. Magazeti na vijitabu viliruka kutoka kila upande. Kijana kutoka Nabha alikutana huko na Profesa Gurmukh Singh, mmoja wa viongozi wa Singh Sabha, akamsaidia katika kazi ya uandishi. Aliporudi nyumbani alikuwa ameshaona kalamu inavyoweza kulinda watu, na inavyoweza kuwadhuru.

Mwaka 1887 Maharaja Hira Singh wa Nabha alimteua kuwa mwalimu wa mwanawe, Ripudaman Singh, mrithi wa kiti. Kahn Singh alikaa katika utumishi wa Nabha kwa miaka mingi, akishika nyadhifa za utawala na za mahakama. Hayo yalimpatia riziki. Kazi iliyoujaza moyo wake aliifanya nje ya saa za kasri.

Kabla ya uteuzi huo, mwaka 1885, alikuwa amekutana mjini Rawalpindi na Max Arthur Macauliffe, Mwayalandi aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni. Ili kuelewa kwa nini urafiki huo una uzito, lazima turudi nyuma hadi 1877. Mwaka huo serikali ya Uingereza ilichapisha tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya Granth, iliyofanywa na Mjerumani Ernest Trumpp, aliyewahi kuwa mmisionari. Trumpp alikijua Kisanskriti, lakini kitabu alichopewa hakukipenda. Aliandika kwamba ni cha kuchosha na hakina mpangilio, na wasomi wa Amritsar waliokisoma maisha yao yote aliwaona hawajui kitu. Masingasinga waliumia sana. Kitabu wanachokisujudia kilikuwa kimetambulishwa kwa dunia na mtu aliyekidharau.

Waswahili nao wana kumbukumbu inayofanana na hiyo. Tafsiri kamili ya kwanza ya Qurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilikuwa ya Kasisi Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Zanzibar. Ikapita miaka 46 kabla Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwana wa Zanzibar, hajakamilisha Qurani Takatifu yake mwaka 1969, na sehemu ya nguvu yake ilitokana na kutaka Waislamu wa Afrika Mashariki wasikie kitabu chao kutoka kinywani mwa mmoja wao.

Macauliffe alitaka kuifuta aibu ya Trumpp. Aliomba Nabha imruhusu Kahn Singh amsaidie, na mwaka 1893 akaacha kazi ya serikali ili ashughulikie tafsiri peke yake. Hakufanya kazi mafichoni. Tafsiri zake zilipelekwa Amritsar zikapitiwa na wasomi wa dini, zikakosolewa, zikarekebishwa. Kahn Singh ndiye aliyekuwa bega lake: alimfafanulia mafumbo ya lugha, alimwongoza katika historia, akasafiri naye hadi Uingereza wakati wa kuandaa kitabu kwa chapa. Mwaka 1909 chapa ya Chuo Kikuu cha Oxford ilitoa The Sikh Religion katika juzuu sita. Macauliffe alitambua deni lake kwa maandishi, na haki ya kunakili kitabu akamkabidhi mwenzake. Hata hivyo jalada lina jina la mtu mmoja. Vitabu vingapi vya enzi ya ukoloni, kuhusu India na kuhusu Afrika, vilisimama juu ya mabega ya wenyeji ambao msomaji hakutajiwa kabisa! Macauliffe alikuwa muungwana kuliko wengi, na hilo lisemwe kwa haki.

Sasa tufike kwenye kitabu kilichomletea Kahn Singh sifa na lawama zaidi. Kilitoka 1898 kwa jina la Ham Hindu Nahin, maana yake Sisi si Wahindu. Ni kitabu kidogo kilichoandikwa kwa mtindo wa mazungumzo. Mhindu anauliza, Singasinga anajibu, na kila jibu linasimama juu ya nukuu kutoka maandiko matakatifu. Mbona mnaoana kwetu? Mbona mnafanya sherehe zetu? Mbona Maguru wenu wametaja miungu yetu? Mwandishi hakwepi swali gumu. Anachambua Veda, tabaka, sanamu, mfungo, uzi mtakatifu wa Wabrahmini, na katika kila mlango anaonyesha kuwa Maguru walichukua njia yao wenyewe.

Swali lenyewe halikuwa la vijiweni tu. Mwaka huohuo wa 1898 alifariki Dyal Singh Majithia, tajiri wa Punjab aliyeanzisha gazeti la The Tribune, akaacha wosia ulioelekeza mali yake kwenye elimu. Mjane wake aliupinga mahakamani, na kesi ikageuka kuwa mjadala wa kama Singasinga anahesabiwa kuwa Mhindu mbele ya sheria. Ilifika hadi London, kwenye mahakama ya juu kabisa ya rufani ya himaya, ambayo mwaka 1903 iliamua kwamba kwa sheria ile ya wosia Singasinga anaingia ndani ya neno Hindu. Kijitabu cha mwalimu wa Nabha kilikuwa kinagusa ndoa, mirathi na mazishi ya watu.

Mambo yaliyofuata yalionyesha upepo ulikuwa unaelekea wapi. Mwaka 1905 sanamu zilizokuwa zimewekwa katika eneo la Hekalu la Dhahabu la Amritsar ziliondolewa. Mwaka 1908 Ripudaman Singh, yule mwanafunzi wa Kahn Singh, aliwasilisha katika baraza la kutunga sheria la India muswada wa kuitambua ndoa ya Anand, ambayo bwana na bibi harusi huifunga kwa kuizunguka Granth Sahib mara nne, bila kuhani wa Kihindu na bila moto wake. Mjumbe mwingine, Sundar Singh Majithia, akauendeleza, na ukawa sheria mwaka 1909. Ni vigumu kutouona mkono wa mwalimu katika kitendo cha mwanafunzi.

Lawama nazo zilikuja, na za karibu zaidi na wakati wetu ni za wanahistoria. Harjot Oberoi, katika kitabu chake cha 1994 kuhusu ujenzi wa mipaka ya dini, alieleza kwamba Punjab ya kabla ya Singh Sabha ilikuwa na watu wengi waliovuka mipaka bila kujali: Masingasinga waliozuru kaburi la walii wa Kiislamu Sakhi Sarwar, familia ambazo mtoto mmoja alifuga nywele na mwingine akanyoa. Kwa maoni yake, watu kama Kahn Singh walichora mstari mnene pale ambapo maisha ya kijijini yalikuwa na rangi nyingi. Masingasinga wengi walimpinga Oberoi kwa ukali. Ushahidi wake kuhusu vijiji ni mzito, na haufai kufagiliwa chini ya mkeka. Lakini Kahn Singh hakuubuni mstari ule kutoka hewani. Khalsa ilikuwa na miaka karibu 200, ina kitabu chake, ubatizo wake na amri zake. Na hakuandika ili kuwasha chuki. Ndani ya kijitabu hichohicho anawasihi wasomaji wake wawapende watu wa dini zote na waishi nao kwa amani. Waliobeba jina la kitabu bila kukisoma mara nyingi waliacha sehemu hiyo.

Vitabu vyake vingine vya wakati huo vilikuwa vya kazi ya upole zaidi. Gurmat Prabhakar ni mkusanyo wa mafundisho kutoka Granth Sahib uliopangwa kwa mada, ili mtu anayetaka kujua Maguru walisema nini kuhusu sala, riba au kiburi asihangaike kurasa 1,430. Gurmat Sudhakar ulifanya vivyo hivyo kwa maandiko ya nje ya Granth, ukichuja yanayopatana na mafundisho ya Maguru na yasiyopatana. Mwaka 1907 alitoa Sharab Nikhedh, kijitabu dhidi ya ulevi. Aliandika pia juu ya kanuni za ushairi, kwa sababu aliamini kuwa anayesoma shairi takatifu bila kujua mizani yake anasoma nusu. Hapo mafunzo yake ya muziki yalimfaa.

Mei 1912 alianza Mahan Kosh.

Walikuwapo waliomtangulia. Pandit Tara Singh Narotam na Bhai Hazara Singh walikuwa wametunga kamusi za maneno ya Granth, naye alizitumia. Mwanzoni alikusudia kufanya jambo kama lao, kufafanua maneno magumu ya kitabu kitakatifu basi. Lakini neno moja lilimpeleka kwa jingine. Shairi likitaja mti, msomaji atataka kujua ni mti gani. Likitaja mfalme, aliishi lini? Ugonjwa ukitajwa, au silaha, au kipimo cha nafaka, au nyota, kila kimoja kinadai maelezo. Kwa hiyo akapanua uwanja ukachukua maandiko yote ya Kisingasinga na dunia yote waliyoitaja.

Anayefungua Mahan Kosh leo hukuta neno, asili yake kama ni Kisanskriti, Kiarabu au Kiajemi, kisha maana yake ya kwanza, ya pili, ya tano, na kwa kila maana mstari wa shairi pamoja na kifupisho kinachotaja raga na mtunzi. Mimea imepewa majina yake ya Kilatini. Raga zimeelezwa kwa noti zake. Wafalme wa ukoo wa Phulkian, koo za wapiganaji, vita na mikataba vimo. Kuna michoro na ramani. Na gurdwara, kubwa na ndogo, zimeorodheshwa kwa namna ya kupendeza: mwandishi anasema Guru gani alifika hapo na kwa sababu gani, eneo lipo wilaya ipi, na kituo cha reli kilicho karibu kiko upande gani na umbali gani. Huyu alikuwa mwanachuoni aliyetaka msomaji wake afike. Hakuona aibu kuweka maelekezo ya kushuka garimoshi katika kitabu kimoja na mjadala wa maana ya wokovu.

Aliikamilisha Februari 1926, baada ya karibu miaka 14. Hakuwa na idara ya utafiti wala jopo la wahariri. Linganisha na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, iliyotoka mikononi mwa taasisi nzima ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikiwa na wataalamu wake na bajeti yake, tuone mzigo aliojitwika mtu mmoja.

Pesa ndiyo iliyokuwa taabu. Kitabu kikubwa kiasi kile hakiwezi kuchapishwa kwa mfuko wa mwalimu. Wa kwanza kuahidi kugharamia alikuwa Maharaja Brijindra Singh wa Faridkot, akafariki 1918 akiwa kijana. Matumaini yakahamia kwa Ripudaman Singh, aliyekuwa sasa ametawazwa Nabha. Huyu alipenda harakati za dini na hakuwapenda Waingereza. Mwaka 1923, baada ya ugomvi mrefu na jirani yake wa Patiala, Waingereza walimlazimisha kuacha kiti. Masingasinga waliandamana kwa makundi hadi Jaito, katika dola ya Nabha, kumtetea. Jawaharlal Nehru, aliyekwenda kushuhudia, alikamatwa huko. Kahn Singh akabaki na lundo la miswada, na mfadhili wake ameng'olewa. Mwishowe aliyetoa fedha za chapa alikuwa Maharaja Bhupinder Singh wa Patiala, mpinzani yuleyule wa mwanafunzi wake.

Je, mwalimu aliona uchungu kupokea mkono ule? Tunachoona ni kwamba alipokea, na kamusi ikachapwa. Katika jambo hili alifanya sawasawa. Uaminifu kwa mtawala una mipaka, na watu ambao wangeitumia kamusi kwa karne nzima hawakuwa na sehemu katika ugomvi wa majumba mawili.

Kamusi ina kasoro zake. Baadhi ya asili za maneno alizozitoa zimepitwa na elimu ya lugha ya leo. Mwelekeo wa Singh Sabha unaonekana kila mahali, kwani hadithi za miujiza ambazo bibi wa kijijini angezisimulia kwa mapenzi yeye huzipima kwa akili, mara nyingine huziacha. Msomaji makini atamsoma akijua alisimama upande upi. Lakini upande wake ameuweka wazi, na ushahidi ameuweka mezani kwa kila neno, kiasi kwamba anayempinga hutumia nukuu alizokusanya yeye.

Bhai Kahn Singh alifariki Nabha mwezi wa Novemba 1938. Gurmat Martand, mkusanyo wake mkubwa juu ya itikadi, ulichapishwa baada ya kifo chake na kamati kuu inayosimamia gurdwara za Punjab. Mwaka 1960 Idara ya Lugha ya Patiala ilitoa Mahan Kosh tena, safari hii katika juzuu moja nene, na ndiyo nakala iliyoenea. Leo maneno yake hutafutwa kwenye simu na vijana waliozaliwa Nairobi, Birmingham na Vancouver, ambao baadhi yao hawawezi kusoma Gurmukhi kwa wepesi.

Ule mjadala wa Ham Hindu Nahin haujafungwa. Katiba ya India ya 1950, katika kifungu cha 25, inataja kuwa neno Hindu katika sehemu fulani ya kifungu linawajumuisha Masingasinga, na Masingasinga wamelipinga jambo hilo tangu hapo. Ile sheria ya ndoa ya Anand ya 1909 haikuwa na utaratibu wa kusajili ndoa. Marekebisho ya kuuweka yalipitishwa mwaka 2012, miaka 103 baadaye. Wanasiasa wa pande zote bado wananukuu kijitabu cha 1898.

Mwandishi wa mhadhara huu anaamini kuwa kazi kubwa ya Kahn Singh ni kamusi, na kwamba kijitabu ni cha pili. Ham Hindu Nahin kiliwaambia Masingasinga wao si nani. Mahan Kosh iliwapa namna ya kujua walichonacho, neno kwa neno, na ikampa hata asiye wa dini yao mlango wa kuingilia. Mwislamu anaweza kuifungua amtafute Sheikh Farid, na atamkuta ameelezwa kwa heshima.

Kwa hiyo ombi ni kwa wanafunzi wa Kiswahili walioko hapa. Miswada ya tenzi iliyokusanywa pwani katika miaka ya 1960, kazi iliyoongozwa na J.W.T. Allen, imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Imejaa maneno ya Kiamu, Kimvita, Kiarabu na Kiajemi ambayo msomaji wa leo huyaruka. Chagueni utenzi mmoja. Andikeni kila neno gumu, asili yake, maana zake zote, na beti lilimotumika, na muanze wakati wazee wanaoweza kuwasahihisha bado wapo Lamu, Siu na Mombasa.